KITABU CHANGU KILIFUNGIWA KARANGA

Dereva alikuwa anakula karanga nilizokaanga mimi, kwenye karatasi niliyoiandika mimi.

Nikasimama palepale kando ya lori, ndoo ya maji kichwani. Juu ya ile karatasi kulikuwa na namba 61 kwa peni nyekundu. Namba yangu. Mwandiko wangu...

"Kaka samahani, hiyo karatasi umeitoa wapi?"

"Kwa Bamayo wa karanga," akajibu bila kunitazama. Alikuwa anasoma.

Madereva wa Zambia humwita hivyo, Bamayo, yaani mama. Ni mama mkwe wangu.

Naomba mnisikilize taratibu, maana hata mimi siku hiyo nilikuwa taratibu. Sikupiga kelele. Sikulia. Umeshawahi kuchomwa sindano ya ganzi ung'olewe jino? Mdomo unajua ni wako, lakini huusikii. Nilikuwa hivyo mwili mzima.

Naitwa Gwantwa, Mama Ruti. Kwetu ni Itumba, Ileje. Nimeolewa hapa Tunduma na Enoka, dereva wa malori ya Kongo, ambaye nyumbani anaonekana mara mbili kwa mwezi. Siku zingine zote naishi na mama yake. Mimi nakaanga karanga, yeye anazifunga na kuzipitisha kwenye foleni ya malori, kuanzia mpakani mpaka Mpemba huko. Karatasi za kufungia tunanunua kwa kilo, madaftari ya wanafunzi waliomaliza shule, tunajaza kwenye kiroba jikoni.

Na mimi ni mwandishi. Angalau ndivyo nilivyojiita kimoyomoyo.

Miaka minne niliandika riwaya kwa mkono. Kaunta buku tatu.

Mama mkwe hajui kusoma, anajua namba tu. Kila akinikuta na peni ni wimbo uleule.

"Mama Ruti, hayo maneno yanaliwa?"

"Hayaliwi, mama."

"Basi geuza maharage."

Na maharage yaliungua kweli. Mara tatu, siwezi kumsingizia. Nilipomwambia Enoka kwenye simu, akacheka tu.

"Mwandishi wa Tunduma umemwona wapi wewe?"

Nikaendelea kuandika. Mwezi uliopita nikamaliza. Mhariri mmoja wa Mbeya akakubali kuisoma, akasema nimpelekee baada ya wiki mbili, Jumatatu. Nikazifunga kaunta buku zangu kwa kipande cha kanga, nikazitia kwenye begi chini ya nguo. Wiki mbili sikuzigusa. Nakala nyingine sikuwa nayo.

Siku niliyoiona namba 61 ilikuwa Alhamisi.

Nikatua ndoo. Nikaanza kupita lori moja baada ya lingine.

"Shikamoo baba, una karatasi ya karanga?"

"Nimetupa, binti."

"Kaka, una karatasi ya karanga?"

"Hii hapa. Wewe ni wa mazingira?"

Zingine nilizitoa chini ya matairi. Zingine zilikuwa zimelowa oili. Mpaka nafika Chapwa nilikuwa na kurasa kumi na nne. Nyingi zilishavuka mpaka na malori yake, saa hizo labda zipo Lubumbashi.

Nilizishika tu. Moyo haukunienda mbio wala nini.

Karibu na mwisho wa foleni nikamkuta dereva mmoja, Balthazar, mtu wa Momba. Alikuwa na rundo la kurasa amelibana kwa kibanio cha nguo, juu ya dashibodi.

"Hizo naziomba," nikamwambia.

"Dada, hizi siachii. Nimebadilishana na watu mpaka nimezipata hizi. Nina 30 mpaka 52, halafu nimekosa 53."

"Unazisoma?"

"Foleni siku tisa haisogei, unadhani tunafanya nini? Na siyo mimi peke yangu. Bibi mwenyewe anatulazimisha."

"Bibi yupi?"

"Huyu wa karanga. Kila asubuhi anakuja na karatasi zinazofuata, anatugawia, anasema nisomeeni kwanza. Anakaa juu ya ndoo yake anasikiliza. Tena anafuata namba, haruki."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamuuliza tena, akarudia vilevile.

"Ila jana sijui alipatwa na nini," akaendelea. "Tulisoma ile ya mama mkwe anayeficha sukari kwenye nguo zake. Wewe, tulicheka sisi! Yeye hakucheka. Akabeba ndoo yake akaondoka, hata hela za karanga kasahau. Leo kaleta karanga, karatasi hakutoa mpya."

Sukari...

Wapendwa, niwaambie ukweli. Mama mkwe wangu anaficha sukari kwenye nguo zake. Nilimwandika alivyo, nikambadilisha jina tu. Kwenye riwaya yangu ni mwanamke mchoyo, mwenye roho ya kutu, na mwishoni anakufa peke yake na hakuna anayemlilia. Niliandika kifo chake huku nikinusa maharage yakiungua, na nilikifurahia.

Nikarudi nyumbani kwa miguu.

Nilimkuta jikoni, amekaa kwenye kigoda, anachambua karanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Nikaweka kurasa kumi na nne mbele yake. Akazitazama. Hakujifanya hajui.

"Nilitaka uumie," akasema. "Siku ile maharage ya tatu. Nikachukua daftari la kwanza nikachana. Nikajua utalia, utaacha."

"Mbona ukachana na mengine?"

"Wakaniuliza inayofuata. Nikasema mnisomee basi. Nikasikia mvua ya kwetu Isongole, nikasikia soko la Nakonde, watu ninaowajua. Sikujua kumbe ndicho ulichokuwa unafanya na hiyo peni."

Mikono yake ikaendelea kuchambua.

"Yule mama wa sukari ni mimi."

Haikuwa swali.

"Ndiyo, mama."

"Mama Ruti, ile sukari nafichia uji wa Ruti. Tarehe ishirini nyumba hii huwa haina kitu, wewe unaandika, hujui. Umeshawahi kumwona mwanao ananywa uji mweupe, usio na sukari?"

Nikafikiria. Miaka minne. Sikuwahi.

Akainuka, akaenda chumbani kwake. Akarudi na kaunta buku ya tatu, nzima, haijachanwa hata ukurasa.

"Hili sikulitoa. Niliogopa watanisomea unanifanyaje mwishoni."

Hapo ndipo ganzi iliponitoka. Nililia kwa miaka yote minne, nimekaa sakafuni katikati ya maganda ya karanga, na yeye hakunibembeleza. Alinisogezea kikombe cha chai. Kilikuwa na sukari.

Jumatatu sikwenda Mbeya. Nilimpigia mhariri nikamwambia kitabu hakijaisha.

"Si ulisema umemaliza?"

"Nilidhani."

Akasema atanisubiri. Naandika upya tangu mwanzo, na Balthazar ameniachia kurasa zake ninakili kwa sharti kwamba nimpe ile 53. Mama mkwe anageuza maharage mwenyewe. Anapita nyuma yangu, anachungulia asichoweza kukisoma.

"Umenifikia?"

"Bado, mama."

"Ukinifikia, niite."

Ndugu yangu unayeandika chini ya meza huku watu wanakucheka, usiweke peni chini. Mtu akikwambia maneno hayaliwi, muache, andika. Lakini kabla hujamwandika mtu roho mbaya, muulize kwanza anamfichia nani sukari.