Mtoto Aliyekataa Ziwa Huko Salale

"Huyu mtoto kabemendwa. Na aliyembemenda ndiye aliyemuua mwanangu."

Bi Tatu alisema hivyo mchana kweupe, mbele ya wanawake waliokuwa wakitwanga mpunga uani, huku akimpokonya mkwewe Mwanamina mtoto kifuani.

Mwanamina hakulia. Titi lake lilikuwa bado nje, limejaa, linauma, maziwa yakidondokea kwenye kanga.

Jamani mnaonisoma, msimhukumu bado. Ngojeni kwanza...

Ulikuwa mwaka wa pili wa vita vya Maji Maji. Mwanamina na mama mkwe wake walikuwa wamekimbia kutoka kwao Mbwara baada ya askari wa Mdachi kuchoma maghala ya mpunga. Walishuka na mto kwa mtumbwi mpaka Salale, kwenye mikoko. Mwanaharusi, mke wa mvuvi, akawapa chumba cha uani.

Kondo, mume wa Mwanamina, alikuwa vitani. Bi Tatu mwenyewe alitembea mpaka Ngarambe kumchukulia mwanawe maji ya dawa, yale yaliyosemwa kwamba risasi ikimfikia aliyeyanywa hugeuka maji. Dawa ilikuwa na mwiko wake. Mpiganaji asimguse mwanamke, na mkewe huko nyumbani asiguswe na mwanamume.

Kisha wauza chumvi kutoka Kibiti wakaleta habari. Kondo kapigwa risasi. Kazikwa huko huko...

Siku tisa baadaye Kibwana, mtoto wao wa miezi kumi na moja, akakataa ziwa.

Akiliona alifungua mdomo kwa pupa. Akiligusa tu, alijitupa nyuma na kulia kama aliyeungua. Siku ya nne mbavu zake zilikuwa zinahesabika, na uji wa mchele aliutema nusu.

Na pwani kila mtu alijua maana yake. Mama anayenyonyesha akitoka nje ya ndoa, mtoto hubemendwa. Hukonda, hukataa ziwa.

"Umevunja mwiko," Bi Tatu akamwambia mkwewe pale pale uani. "Dawa ikaharibika, mwanangu akaanguka."

"Mama, nimelala na nani? Chumba kimoja, mkeka mmoja, mimi na wewe."

"Shahidi wangu huyu mtoto. Haya, mshike. Asiponyonya mpaka Ijumaa namchukua. Wewe utajua pa kwenda."

Pa kwenda palikuwa bara tu, kwenye moto wa vita.

Wanawake wakarudi kwenye vinu vyao. Mwanaharusi akamsogelea Mwanamina.

"Shoga, meno yameota?"

"Mawili. Aliniuma mara moja, nikapiga kelele."

"Kelele humtisha mtoto, lakini si siku nne. Unapaka nini hapo?"

"Sipaki kitu. Mama ananinawisha tu maji ya dawa aliyoyabakiza Kondo. Kila alfajiri, yamlinde mtoto."

"Tangu lini?"

Mwanamina akahesabu. Ilikuwa siku ya nne, tangu siku ile ile Kibwana alipogoma.

"Nionyeshe."

Mwanamina akaleta kibuyu. Mwanaharusi akachovya kidole, akaramba, akatema pale pale.

"Hiki kibuyu cha mume wangu. Anawekea maji ya magome ya mkandaa, mti wa mikokoni hapa, ya kutilia nyavu rangi. Hata mbuzi hayanywi."

Kibuyu cha Ngarambe kilikuwa kimepasuka safarini. Bi Tatu akahamishia dawa kwenye chungu, na baadaye kwenye kibuyu alichokikuta kimetundikwa uani, kumbe ndani mna maji ya mkandaa. Mkulima wa Mbwara mkandaa ataujulia wapi? Mwanamina naye aliona yale maji ni mekundu, akadhani ndiyo nguvu yake.

Akaonja. Ulimi ukakauka kama aliyetafuna ndizi mbichi.

Akakiinamisha kibuyu mbele ya vinu vyote, akamwaga mpaka tone la mwisho.

Lakini mtoto hasahau haraka. Jioni ile Mwanamina alimpa ziwa lililooshwa kwa maji ya vuguvugu, akalikataa.

"Usimlazimishe," Mwanaharusi akasema. "Ukimlazimisha atalichukia."

Basi akamkumbatia kifua wazi, ngozi kwa ngozi, bila kumpa kitu. Akakamua maziwa kwenye kifuu, akamdondoshea mdomoni kwa kijiko. Mengine akayachanganya na uji. Akampakata kwenye mtumbwi uliofungwa ukingoni, maji yakiwabembeleza wote wawili. Alhamisi, Kibwana alilamba mara mbili akageuka.

Ijumaa asubuhi, kati ya usingizi na macho, akalishika ziwa. Akavuta. Akameza. Mwanamina aliogopa hata kupumua.

Bi Tatu alikuwa amesimama ukingoni, amekuja kumchukua. Akakaa kwenye tope.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini, Mama?"

"Siku ya pili niliyaonja. Nikajua ni uchungu wa yale maji unaomfukuza mtoto."

"Ukanyamaza? Mjukuu wako anakauka, nawe ukanyamaza?"

"Ningesemaje? Wewe ukiwa safi, basi yale maji yalikuwa maji tu. Na mimi ndiye niliyempa Kondo, kwa mkono huu. Nikamwambia, nenda baba, hutakufa."

Kibwana aliendelea kunyonya.

Ndugu zangu, mtoto akigoma ziwa, liangalieni ziwa. Angalieni meno, angalieni kilichopakwa, mtulizeni mama. Msianze kupekua heshima yake, maana wengine hupekua mambo ya mwenzao ili wasiyaone ya kwao.

Jioni Mwanaharusi akamvuta pembeni.

"Shoga, muombe radhi mkweo. Umemwaga dawa mbele za watu, na ni mzee, na kafiwa. Neno moja tu, yaishe."

Mwanamina alimtazama Bi Tatu, aliyekuwa bado ukingoni, hajala tangu asubuhi.

"Nitampikia," akasema. "Akiugua nitamuuguza. Kondo tutamlilia pamoja. Lakini radhi siombi."