Komeo la Mlango wa Mtoni

Baharia alikimbia moja kwa moja kuelekea mto Delaware.

Hakufika.

Barzillai Stokes, mpelelezi wa Bunge, alimrukia kwenye rundo la magogo ya msonobari, akamwangusha kifudifudi matopeni, akamwekea kisu cha Sheffield chini ya sikio. Bastola yake ya London, yenye mtutu wa shaba, aliiacha ndani ya koti. Bastola ina kelele, na mchana huo mji wa Cressford ulijaa masikio ya Gavana.

"Mbona unanikimbia? Nilikuuliza habari za divai tu."

"Mimi sijui kitu, bwana."

"Nimetoboa pipa moja la divai ya Gavana. Ndani kuna bunduki."

Kisu kilisogea kidogo. Baharia akatapika yote aliyoyajua.

Gavana mpya, Sir Lionel Thackerby, alikuwa hajamaliza wiki tangu ashuke melini na nywele zake za bandia, na tayari alikuwa akituita watoto wake. Alilitaka Bunge letu lipitishe sheria ya kuwakamata vijana na kuwapeleka kwenye vita vya Mfalme, huko visiwa vya kusini. Tulishawahi kupeleka vijana huko. Homa iliwamaliza melini kabla hawajamwona adui, wakatupwa baharini kama samaki waliooza. Enoch, mdogo wake Barzillai, alikuwa mmoja wao. Hakuna aliyetuomba radhi. Wamekuja kutaka wengine!

Spika Isaac Pennock alikuwa amekataa kuipigisha kura sheria hiyo. Kwa hiyo Gavana aliamua amkamate siku hiyo hiyo, ampeleke London kama msaliti, na wajumbe waliobaki wapige kura wakielekezewa mitutu ya bunduki. Kikwazo kilikuwa milango. Bunge likikaa, milango yote miwili hufungwa kwa komeo kutoka ndani, na hakuna mwenye silaha anayeingia. Gavana akiuvunja mlango, koloni zima litaamka. Ukifunguliwa kutoka ndani, atasema alikaribishwa.

Ndiyo maana alipandikiza mtu. Kaunti ya Mabwawani ilikuwa imechagua wajumbe wapya watatu, ambao hakuna mtu mjini aliyewahi kuwaona. Mmoja wao alitekwa njiani na kufungwa chini melini, na mtu wa Gavana akakaa kwenye kiti chake. Kengele ya saa sita ikilia, huyo angefungua mlango wa mtoni.

"Ni yupi kati yao?"

"Sijui, bwana. Haki ya Mungu sijui."

Barzillai alimkabidhi kwa wavushaji wa gatini, watu wa Mabwawani wenyewe, akawaeleza mjumbe wao yuko wapi. Hawakuuliza mara mbili. Walishika makasia na mashoka.

Yeye akakimbilia Bungeni.

"Nani?" aliuliza Ephraim, bawabu, nyuma ya mlango.

"Barzillai."

"Bunge linakaa."

"Kuna nyoka humo ndani. Fungua."

Komeo likavutwa. Barzillai akamwachia bawabu kisu na bastola, akaingia.

Alimnong'oneza Spika kila kitu. Mzee Pennock hakushtuka, ila alikunja ngumi juu ya meza. Alisema wapya wote watatu wameketi karibu na mlango wa mtoni, na akimshika asiye na hatia, kaunti nzima itamgeuka, na hicho ndicho Gavana anachokitafuta.

Zilibaki dakika chache.

Wale wapya walikuwa wamevaa kama watu wa dini ya Marafiki, kofia pana na makoti yasiyo na urembo. Rafiki hamvulii kofia mwanadamu, awe Gavana, awe Mfalme. Barzillai alimwomba Spika asome salamu za Mfalme kwa sauti. Wajumbe wa madhehebu mengine wakavua kofia. Watatu wale hawakuvua. Aliwapitia mmoja mmoja akiwasalimu, na wote wakamwita rafiki bila kusita, kama Marafiki wamwitavyo kila mtu.

Mtu huyu alikuwa amefundishwa vizuri.

Barzillai alizaliwa kwa Marafiki. Walimtenga kwa sababu ya bastola, maana Rafiki hashiki silaha, na tangu siku hiyo hakuwa amefungua kinywa mbele ya Mungu. Sasa alipiga magoti katikati ya ukumbi.

"Mungu," alisema, "Enoch alikuwa na miaka kumi na saba. Walimwambia anakwenda kupigania heshima, wakamnyima hata maji. Nina hasira nao. Usiniondolee."

Kofia zikavuliwa. Zote, pande zote, hata za Marafiki, maana mtu akiomba, hapo Rafiki huvua, kwa Mungu peke yake.

Moja ilibaki.

Yule aliyejiita Josiah Garwood alitazama kushoto, akatazama kulia. Mkono wake ulipanda nusu, ukasimama. Aliambiwa hata radi ipige, kofia asivue. Walimfundisha namna tunavyowadharau wakubwa, basi. Hawakudhani kuna tunachokiheshimu.

Kengele ikalia.

Garwood alirukia komeo, bastola mkononi. Barzillai aliinuka na benchi, akampiga nalo kwenye mkono. Bastola ikateleza sakafuni. Garwood alijaribu kuiokota, na hapo mjumbe Thomas Ridgway, mnene kuliko wote, akamkalia mgongoni.

"Dini inanikataza kupigana," alisema Ridgway akijiweka sawa. "Kukaa haijanikataza."

Nje, mtu aligonga mlango wa mtoni. Akagonga tena, kwa nguvu zaidi.

Spika aliita kura huku Gavana akigonga. Hata wale waliokuwa wakitetemeka asubuhi walisimama kukataa. Sheria ikafa.

Barzillai alitoka kwa mlango wa mbele, akazunguka. Sir Lionel alikuwa amesimama kwenye manyunyu na askari wake wa majini, unga wa nywele za bandia ukimtiririka shingoni.

"Wewe! Humo ndani kuna nini?"

"Kura, Rafiki Lionel. Wamekataa."

Askari mmoja alikohoa kuficha kicheko.

"Mimi ni Gavana wako!"

"Basi tazama meli yako."

Boti za wavushaji zilikuwa zimeizunguka, na mjumbe wa kweli alikuwa akishushwa kwa kamba. Watu walianza kumiminika gatini, kimya, na wengi hawakuja mikono mitupu. Gavana aliwatazama, kisha akaamuru askari wake washushe bunduki.

Barzillai alikuwa ameshaondoka, mikono mfukoni.

Njiani, mjane Keziah Burr alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba yake na furushi la nguo za mwanawe, limefungwa tayari kwa safari. Alimwonyesha lile furushi.

"Fungua mzigo, Mama Keziah," alisema Barzillai. "Haendi popote."

Mama huyo aliketi kizingitini na kulia. Barzillai aliinamisha kichwa, akaendelea na njia yake.