Maji Yapite Chini, Mama Apite Juu

Kila jioni, jua likipoa, Achola alitoka nje kumsalimu mwanawe. Alishika fremu yake ya chuma kwa mikono miwili. Aliisogeza mbele, akapiga hatua. Akaisogeza tena, akapiga hatua. Kiharusi kilikuwa kimeudhoofisha mguu wake wa kushoto, lakini hakutaka kushikwa.

Alitembea juu ya njia ya simiti. Mwanawe, Opondo, ndiye aliyeijenga, ili mama yake asiteleze kwenye matope. Ilianza mlangoni ikaishia mbele ya boma, pale mama alipopenda kuota jua. Simiti ilipokuwa mbichi, Opondo alichukua msumari akaandika: MAMA PITA HAPA. Mwaka uliofuata alifariki. Akazikwa hapo hapo nyumbani, hatua chache kutoka mwisho wa njia.

Benta, mjane wake, alibaki na mama mkwe katika boma hilo la Seme, si mbali na soko la Kombewa. Achola alimwita nyar Asembo, yaani binti wa Asembo, kwa kuwa alizaliwa Asembo Bay. Walipendana. Walikuwa wamemlilia mtu mmoja.

Mwezi wa tatu, mradi wa maji wa kijiji ukawafikia. Mita iliwekwa upande wa kushoto wa njia. Jiko lilikuwa upande wa kulia. Benta hakutaka kungoja. Alinunua mpira wa maji, akaufunga kwenye mita, akaupitisha juu ya njia mpaka jikoni. Maji yakatoka. Akaimba siku nzima.

Mpira ule ulilala hapo mchana na usiku. Wengi wetu tumefanya hivyo. Tunasema ni kwa muda tu, kisha tunauzoea, na muda unakuwa miezi.

Jioni moja mguu wa fremu ulikwama kwenye mpira. Achola alianguka. Benta alisikia kishindo, akatoka mbio na unga mikononi.

Hospitalini waliwaambia mfupa haukuvunjika. Mkono ulikuwa umeteguka tu. Ulifungwa bendeji, wakarudi nyumbani. Lakini kilichovunjika kilikuwa kingine. Achola aliacha kutoka nje. Jioni zilipita, moja baada ya nyingine, akiwa ameketi kitandani na uso ukutani.

"Mama, nisamehe," Benta alisema. "Ni mimi niliweka huo mpira."

"Si wewe, nyathina, mwanangu. Ni mguu yangu. Nimeogopa hiyo njia."

"Na Opondo?"

Achola aligeuza uso ukutani. Benta alienda nje akauondoa mpira. Akaanza kubeba maji kwa mitungi, huku akilia kimya kimya. Maji aliyoyatamani miaka mingi sasa aliyaonea aibu.

Jumamosi, Griffins, mdogo wake Opondo, alikuja kutoka Kondele. Alikuwa na nyundo kubwa na tindo.

"Nyar Asembo, hii kitu ni rahisi," alisema. "Tunakata simiti hapa katikati, tunapitisha paipu, tunaziba."

"Hatuwezi kuzunguka?"

"Wapi? Huku ni nyumba. Huku ni kaburi, na nyuma ya kaburi ni shamba ya wenyewe. Utachimba mtaro kwa kaburi ya bro?"

Benta alitikisa kichwa. Griffins aliweka tindo, akapiga. Kipande cha simiti kiliruka kutoka ukingoni, karibu na herufi ya kwanza.

"Griffins!" Sauti ya Achola ilitoka dirishani. "Wacha! Hapo ndio mkono ya Opondo iliandika. Unataka kumzika mara ngapi?"

Griffins aliishusha nyundo. Macho yake yalijaa machozi, naye alikuwa mtu mzima mwenye ndevu.

"Basi nichimbe shimo chini yake na jembe," alisema polepole.

"Usichimbe chochote," Benta alijibu. "Ngoja nimuite Jentrix."

Jentrix alikuwa fundi wa mabomba pale Kombewa. Alikuja siku ya Jumatatu, akapiga magoti, akatazama ukingo wa njia. Kisha akachukua donge la udongo akalivunja.

"Ni vizuri hukuchimba na jembe, Bwana Griffins," alisema. "Huu udongo mweusi unajua tabia yake. Mvua unavimba, jua unapasuka. Ukitoboa shimo kubwa chini ya simiti, simiti inabaki hewani. Siku moja inavunjika na mama akiwa juu."

"Sasa tufanye nini?" Benta aliuliza.

"Tunapita chini bila kuivunja. Lakini kwanza niambieni, kuna nini hapo chini? Waya ya stima? Paipu ya zamani?"

Benta na Griffins walitazamana. Hawakujua.

"Basi hatuchimbi," Jentrix alisema. "Sululu ikigonga waya, tutazika mtu mwingine hapa."

Ndipo mlango ukafunguliwa. Achola alikuwa amesimama kizingitini, fremu mkononi, kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu.

"Waya ya jikoni iko hapa kwa mlango," alisema. "Nilimuona Opondo akiifukia. Kule mbele hakuna kitu. Mimi nilikuwa nimekaa hapa siku yote akijenga."

"Ero kamano, Mama," Jentrix alishukuru. "Umetuokoa." Hata hivyo alizima stima ya boma lote. Kisha akapima hatua sita kutoka mlangoni kuelekea mbele, mbali na waya, na bado mbali na kaburi.

Walimletea Achola kiti barazani. Aliketi akatazama.

Griffins alichimba mtaro upande wa kushoto wa njia, mrefu wa kutosha kulaza bomba la chuma na kumpa mtu nafasi ya kupiga nyundo. Upande wa kulia alichimba shimo fupi. Yote mawili yalikwenda chini futi moja na nusu.

"Kwa nini chini hivyo?" alimuuliza Jentrix.

"Ukipita karibu na simiti, utaiinua ipasuke. Wacha udongo wa kutosha katikati."

Jentrix alichukua bomba la chuma, nene kuliko paipu ya maji. Aliiponda ncha yake mpaka ikafungika, udongo usiingie ndani. Akalilaza kwenye mtaro, akaweka pimamaji juu yake kuhakikisha limenyooka. Nyuma ya bomba akaweka kipande cha mbao, nyundo isiharibu chuma.

"Sasa piga. Polepole. Kila mara tunapima."

Griffins alipiga. Bomba likaingia kidogo kidogo. Baada ya kila mapigo kumi, Jentrix alipima tena. Benta alikuwa amechuchumaa kando ya yale maandishi, kiganja chake juu ya simiti. Aliisikia ikitetemeka kwa mbali. Haikupasuka.

Adhuhuri, ncha ilitokea upande wa pili.

"Imetoka!" Benta alipiga kelele.

Jentrix aliikata ncha iliyopondwa kwa msumeno wa chuma, akalainisha kingo kwa tupa ili zisikwaruze. Kisha akapitisha paipu ya maji ndani ya lile bomba, kipande kimoja bila kiungo.

"Viungo vyote vikae nje ya simiti," alieleza. "Huko chini kikivuja huwezi kukiona. Na paipu ikizeeka unaivuta, unaingiza nyingine. Njia haiguswi."

Walifungulia maji kabla ya kufukia. Walingoja saa nzima, wakipapasa kila kiungo kwa vidole vikavu. Hakuna kilichovuja. Ndipo wakarudisha udongo kwa tabaka, wakishindilia kila tabaka.

Jumamosi iliyofuata Griffins alirudi kujenga sakafu ndogo ya simiti chini ya mfereji wa jikoni. Kabla ya kumwaga simiti alilaza kipande cha bomba tupu chini yake.

"Hiyo ni ya nini?" Benta aliuliza.

"Ya kesho. Tukitaka maji ipite tena, nafasi iko. Bro angekuwa anajua, angeweka hata yeye."

Jioni hiyo jua lilipopoa, Achola alishika fremu yake. Benta alimfuata nyuma, mikono tayari, bila kumgusa. Mama alifika penye maandishi akasimama. Alitazama mahali kipande kiliporuka ukingoni. Akatazama herufi zote, moja moja. Zilikuwa zimebaki. Chini yake maji yalikuwa yakienda jikoni, wala fremu haikukwama popote.

Akapiga hatua. Akapiga nyingine. Alipofika kaburini alikuwa anahema.

"Opondo," alisema, "nilikosa kukuja wiki nne. Usinikasirikie. Njia yako iko mzima. Nimepita."