Moshi wa Nyumbani kwa Dage

Kila jioni Dage alimenya viazi vitamu kando ya moto huku mama yake, Maima, akipika na kukohoa. Nyumba yao ya nyasi, juu katika milima ya Simbu, haikuwa na dirisha kwa sababu ya baridi, na moshi ulijaa ndani. Baba yake, Kerenga, alipelekewa chakula nje, alikokaa na wanaume wenzake.

Siku ya msiba wa mama yake mkubwa, Dage aliwatazama wazee waliokuja kuomboleza. Wanaume wenye mvi walijaa uwanjani. Vikongwe wa kike walikuwa wa kutafuta. Dage alipigwa na butwaa.

"Sista," alimnong'oneza Wagi, muuguzi wa kijiji, "wake za wazee hawa wako wapi?"

Wagi alimvuta kando. "Wengi tumewazika, mwanangu. Vifua viliwamaliza."

Haukupita muda, Maima akaanguka shambani, akitweta. Wagi alimpa dawa, kisha akamwita Kerenga.

"Si kikohozi tu cha wanawake?" Kerenga aliuliza.

"Kwa nini kiwe cha wanawake? Mkeo hawezi kuinuka. Leo ingia upike wewe."

Kerenga alicheka, akaingia. Kabla viazi havijaiva, akatoka akitambaa, machozi yakimchuruzika.

"Baba, unalia?" Dage alimtania.

"Nyamaza wewe!" Akakohoa mpaka akashika magoti. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mama yako hukaa humo kila siku?"

"Kila siku, baba. Na mimi pia."

Kesho yake Kerenga alikata nguzo, akajenga jiko mbali kidogo na nyumba, lenye madirisha na bomba la kutolea moshi. Wenzake walimzomea: "Kerenga ameolewa!" Yeye akaendelea kupigilia misumari.

Moto ulipowashwa mara ya kwanza, moshi ulipanda moja kwa moja mpaka ukapotelea mawinguni. Dage aliinua uso, mdomo wazi. Hakuwahi kuwaza kwamba kitu kizito namna ile kilikuwa kikiingia kifuani mwa mama yake.

Wiki zilipita, Maima akapata nguvu, akalala usiku bila kukohoa. Wagi alipokuja kumpima, alikuta Kerenga anachochea kuni.

"Dage," alisema muuguzi, "mwanamke hakuumbwa aondoke duniani mapema. Kazi za nyumba zikimwelemea mmoja, na madhara yake humwelemea huyo huyo. Mkigawana kazi na mkavuta hewa safi, mtazeeka pamoja."

Maima akamtazama mumewe. "Umesikia? Basi geuza viazi, vinaungua."