Honi ya Saa Nane

Mambo haya yalimfika jirani yetu, fundi cherehani tuliyezoea kumwita Mama Vifungo, na mama yangu mzazi aliyashuhudia akiwa amesimama na pini kiunoni. Sitii chumvi. Laiti ningekuwa natia.

Ilikuwa Jumanne, asubuhi ya kawaida kabisa. Mama Vifungo alikuwa barazani kwake anapitisha uzi kwenye tundu la sindano, redio ya jirani inasoma habari ambazo hakuna anayezisikiliza, mara shemeji yake akaingia uani na kujikalia bila kukaribishwa. Alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, mtu wa maneno matamu na macho yasiyotulia.

"Shemeji, nimepata mtu anayelitaka lile gari," akasema. "Anakuja Jumamosi. Anataka alisikie likinguruma."

Gari lenyewe lilikuwa la zamani mno, jeupe, taa za mviringo, limewazidi umri wote wawili. Baba mkwe alimwachia mwanawe mkubwa, na tangu siku hiyo mdogo mtu hakulipita hata mara moja bila kulitupia jicho la husuda. Mkubwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Taratibu kwa jinsi alivyoliendesha, alilitunza kama yai. Alilihifadhi kwenye banda la matofali nyuma ya nyumba, akamtaka mkewe alishonee shuka la kulifunika, na ukutani akatundika chaja ndogo ya kutunzia betri, ile inayopeleka umeme kidogo kidogo ili gari lisilotembea lisizimike kabisa. Alipenda hata kulala humo. Akishakula chakula cha mchana, ikifika saa nane, huyo kwenye kiti cha dereva, anakoroma.

Humo ndimo alimofia, miaka miwili iliyopita. Alikutwa kwenye kiti kile kile, injini inanguruma, moshi umejaa banda zima, mlango umefungwa kwa ndani. Ndivyo alivyosema aliyemkuta, na aliyemkuta alikuwa huyu huyu mdogo wake. Saa tisa mchana, alisema, akauvunja mlango kwa bega. Mama Vifungo alikuwa ametoka kupeleka nguo za wateja.

Mtaa ukakata maneno siku ile ile: Taratibu amejimaliza. Mkewe hakuamini. Mtu anayekwambia asubuhi, "Jioni unipunguzie suruali, nimekonda," hajimalizi mchana. Lakini nani angemsikiliza? Wateja wengine waliacha hata kuleta nguo, eti nyumba ina mkosi. Watu walipolitaja jina la mumewe walishusha sauti, na kila waliposhusha sauti walimchoma upya. Alitaka kitu kimoja tu hapa duniani, jina lile lisafishwe.

"Betri imelala," shemeji akaendelea. "Ile chaja si bado ipo ukutani? Iunge leo, Jumamosi itakuwa imeamka."

"Si ukaunge mwenyewe?"

"Vumbi la mle linanibana kifua." Alisema hivyo bila kuligeukia banda.

Wazee wa ukoo walikwisha kumpa shemeji gari hilo, hivyo Mama Vifungo hakuwa na la kubisha. Akachukua ufunguo, akaenda.

Kazi yenyewe aliijua. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyemmulikia mumewe tochi, na Taratibu alikuwa na desturi ya kutaja kila hatua kwa sauti, kama anamfundisha mtu. Hata waya ukikatika alikuwa na yake: aliufunga kwanza kwa uzi wa cherehani wa mkewe, mizunguko saba, ndipo aweke utepe. Mkewe alimtania kwamba badala ya kutengeneza gari anashona gauni.

Akafunua boneti. Akashika vibanio viwili vya chaja, akajikuta anasema kama alivyokuwa akisema mumewe.

"Nyekundu kwanza, kwenye jumlisha. Nyeusi kwenye chuma cha bodi, mbali na betri. Umeme mwisho."

Akachomeka kwenye soketi ya ukutani. Taa ndogo nyekundu ikawaka. Betri iliyolala miaka miwili, fundi yeyote angekwambia itupe. Hii ilipokea. Na yale maneno ya mwisho, umeme mwisho, alihisi kama yametamkwa na watu wawili.

Kesho yake, saa nane mchana, honi ikalia. Ilikuwa dhaifu, kama mgonjwa anayekohoa. Mara tatu, kisha kimya.

Mama Vifungo akadhani waya zimegusana. Akaenda bandani, akafungua kufuli, akatazama. Hapakuwa na mtu. Taa ya chaja ilikuwa imegeuka ya njano. Akafuata waya wa honi kwa kidole kama alivyofundishwa, kutoka kwenye honi yenyewe, nyuma ya taa, kuelekea ndani. Katikati ya njia kidole kikashika hewa.

Waya ulikuwa umekatwa. Haukuliwa na panya, haukuoza. Ulikatwa kwa koleo, mkato safi, na ncha zake mbili zilikuwa mbali kwa upana wa kiganja. Shaba yake ilikuwa imeota kutu ya kijani. Mkato huo ulikuwa wa zamani.

Akakaa chini sakafuni. Mtu anayetaka kufa ana haja gani ya kukata honi? Anayekata honi ni yule asiyetaka mwingine aombe msaada. Mle ndani aliingia nani na koleo? Nani alikuwa mtu wa kwanza kufika? Hakulia. Alisikia chuki ikimpanda kutoka miguuni hadi kooni, chuki safi, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili akajisikia ana nguvu.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na ushahidi gani? Chaja hakuichomoa.

Alhamisi, saa nane, honi ikalia kwa nguvu zaidi. Ijumaa ililia mpaka watoto wa jirani wakachungulia ukutani. Taa ya chaja ikawa ya kijani. Betri imejaa.

Jumamosi mama yangu alikwenda kupimwa gauni lake la zambarau. Uzi wa rangi ile ulikuwa shida kupatikana, Mama Vifungo alikuwa ameununua jana yake, kibiringo kimoja tu. Mama amesimama kwenye kigoda, pini zimemzunguka kiuno, shemeji mtu akaingia na dumu la petroli. Tangi la gari lilikaushwa na mafundi wa polisi tangu wakati wa msiba. Akaliweka dumu barazani, kizibo chake kimekazwa.

"Mnunuzi anakuja saa tisa," akasema huku anatabasamu. "Gari limeamka?"

"Limeamka," akajibu Mama Vifungo, sindano mdomoni.

Saa nane ikagonga. Honi ikalia.

Haikukohoa safari hii. Ilikuwa moja, ndefu, isiyokatika. Tabasamu la shemeji likamkauka usoni.

"Nani yuko mle?"

"Hakuna mtu. Ufunguo ninao mimi."

"Haiwezi kulia ile!" akafoka. "Waya wake niliukata mwenyewe!"

Mama yangu anasema hata pini zilimgeukia baridi. Mama Vifungo akaitoa sindano mdomoni polepole, akamtazama mama ili ahakikishe kwamba amesikia. Alikuwa amesikia. Kisha akamnyooshea shemeji yake ufunguo.

"Nenda basi kaizime."

Angeweza kukimbia. Lakini honi ilizidi, majirani walikwisha kuanza kutoka, na mwenye hatia hataki umati. Akaukwapua ufunguo, akakimbilia nyuma, nao wanawake wawili wakamfuata hadi kwenye kona ya nyumba. Akafungua kufuli, akaliacha kufuli likining'inia kwenye tumbuu na ufunguo wake ndani, akaingia.

Mlango ukajifunga nyuma yake. Upepo haukuwapo.

Honi ikanyamaza.

Halafu injini ikawaka.

Mama akageuka kutazama dumu la petroli. Lilikuwa palepale barazani. Kizibo hakijaguswa.

Mlango ukagongwa kutoka ndani. Mara moja. Mara mbili.

"Shemeji." Sauti ilikuwa ya chini, ya kunong'ona, imebanwa na kikohozi. "Shemeji, nifungulie. Linanguruma lenyewe. Halina hata ufunguo."

Mama Vifungo alikuwa amefika mlangoni, mama yangu hatua chache nyuma yake. Komeo lilikuwa mahali pake, kufuli juu yake. Mama yangu hasemi kwamba alimwona akilifunga. Hasemi pia kwamba hakumwona.

"Mfungulie!" mama akanong'ona.

Hakufungua. Akaweka mdomo karibu na ubao.

"Yeye alipogonga, wewe ulifanya nini?"

Kikohozi. Kikohozi tena.

"Alikuwa amelala. Niliwasha tu nikatoka..."

"Alipogonga, ulifanya nini?"

"Nilisimama." Sauti ilikuwa inazama. "Nilisimama hapo hapo uliposimama."

Mama Vifungo akasimama hapo hapo.

Majirani walipofika injini ilikuwa imezimika yenyewe. Walimkuta kwenye kiti cha dereva, mikono miwili imebana usukani, kinywa wazi. Daktari alisema ni moshi. Fundi wa polisi akafungua tangi, akachovya kijiti, kikatoka kikavu. Hakuna aliyejua aandike nini, wakaandika moyo ulisimama.

Mama yangu alisimama mbele ya wazee na mbele ya polisi, akarudia neno kwa neno aliyoyasikia barazani, na yale ya mlangoni pia. Watu waliokuwa wakishusha sauti kwa jina la Taratibu walikuja mmoja mmoja kuomba radhi. Mama Vifungo aliwapokea wote, akawapa viti. Hakuna aliyemuuliza kuhusu kufuli, naye hakumwambia mtu.

Jumatatu alimwita mama. Wakaingia bandani pamoja, mlango wakauegemeza kwa tofali. Chaja ilikuwa imewaka kijani. Plagi yake ilikuwa chini sakafuni, nje ya soketi, na Mama Vifungo akaapa kwamba aliichomoa mwenyewe Jumamosi alfajiri.

Akainua boneti. "Tazama hapo."

Waya wa honi ulikuwa mzima. Ncha mbili zilikuwa zimeunganishwa, zikafungwa uzi, mizunguko saba, imekazwa vizuri. Uzi ulikuwa wa zambarau.

Wakarudi barazani. Kibiringo kilikuwa juu ya cherehani kama kilivyoachwa. Kilikuwa kimepungua, na pembeni kilikuwa na alama ya dole gumba lililopakaa grisi.

Mama Vifungo alikishika kifuani muda mrefu, kisha akakifungia kabatini, hakukitumia tena. Gauni lile mama analo hadi leo. Mkono wake wa kushoto umemaliziwa kwa uzi mweusi.