Kitako cha Mzee Elwood

Simu ililia mara moja, ikakatika. Ikalia tena.

Corinne Yarbrough aliipokea bila kuondoa macho kwenye kioo cha mbele cha Ford yake.

“Shangazi anasafiri leo,” sauti ilisema.

“Saa ngapi?”

“Adhuhuri. Mizigo iko tayari.”

“Nimesikia.”

Shangazi alikuwa lori. Lori jeupe la tani tano, lililoegeshwa nyuma ya duka la bunduki la Royce Tidwell, pembeni mwa mji mdogo wa Arizona ambao upepo wake una ladha ya vumbi na dizeli. Kutoka dukani hadi mpaka wa Mexico ni mwendo wa nusu saa, na barabara ya huko haina mtu wa kumuuliza dereva amebeba nini.

Corinne alikuwa na miaka arobaini na sita. Kumi na tisa kati ya hiyo alikuwa mpelelezi wa serikali. Mjini hapa walimjua kwa jina la Marlene, mwanamke aliyeachika, mwenye kibanda cha farasi na hofu ya wezi.

“Pruett,” alisema simuni. “Simamisha lori barabarani. Basi.”

“Kwa kosa gani?”

“Bunduki.”

“Bunduki halali, Corinne. Mtutu mfupi, mshikio wa bastola, zimetoka kiwandani hivyo hivyo. Anayo haki ya kuzipakia lori zima na kuzitembeza jangwani akiimba. Hakimu ameshanifukuza mara mbili.”

Pruett, bosi wake, alikuwa kwenye gari la mafundi wa simu, juu ya kilima, na darubini mbili na kiyoyozi.

“Mzigo uliopita unakumbuka ulikoishia,” Corinne alisema.

“Nakumbuka.”

Uliishia kwenye basi la wavuna nyanya, upande wa pili wa mpaka. Wanawake wengi, wamepigwa risasi. Mmoja alikutwa bado ameshika chupa ya maziwa ya mtoto. Corinne aliziona picha zile, na tangu siku ile hali nyanya.

“Nipe kosa moja,” Pruett alisema. “Dogo tu. Likitendeka ndani ya ua ule, hakimu ananipa kibali cha kupekua kila kitu, lori pamoja. Yule mzee fundi anakupenda. Mlalamikie kifundo cha mkono.”

Corinne alizima injini.

“Hutakuwa umemwomba chochote,” Pruett aliongeza. “Utakuwa umelalamika tu.”

Simu ikakatika.

Alibana kinasa sauti, cha kumrushia Pruett maneno, nyuma ya kifungo cha shati. Akatia kidude cha kumsikilizia Pruett sikioni, akakifunika na nywele. Bastola yake ya Glock kiunoni, chini ya shati.

Akashuka.

Mzee Elwood Sizemore alikuwa kwenye banda lake la kazi nyuma ya duka. Alikodi banda lile kwa Royce tangu mkewe alipofariki. Alikuwa mrefu, amepinda kidogo mabegani, na alivaa aproni ya ngozi iliyochakaa mfukoni. Alipomwona Corinne alifanya alichokifanya kila mara: aliinuka, akabeba kiti kutoka upande wenye jua akakiweka kivulini, akakipangusa kwa kofia yake.

“Kaa, binti. Umekula?”

“Nimekula, mzee.”

“Mwongo. Macho yako yana njaa.” Alimsogezea nusu ya burito, chapati iliyoviringishwa na nyama na pilipili mbichi, iliyofungwa kwa karatasi ya foili. “Mimi daktari kanikataza nusu ya kila kitu. Nusu yako hiyo.”

Corinne aliila. Ilikuwa bado na joto. Mzee alikuwa ameiweka juu ya injini ya kompresa isipoe.

“Na ile bunduki niliyokuuzia?” mzee aliuliza. “Imemtisha mwizi?”

“Imenitisha mimi. Inapiga teke kama nyumbu.”

“Si nilikuambia! Nilisema, Marlene, usinunue ile takataka. Ukasema eti inapendeza.” Mzee alicheka mpaka akakohoa. “Ile bunduki ni ya watu wa kwenye sinema. Haina kitako, utaiegemeza wapi? Begani haiendi. Ukiiweka usawa wa jicho itakung’oa meno. Ukiishikia kiunoni, unampiga kila mtu isipokuwa unayemtaka.”

“Kwa nini wanaitengeneza, basi?”

“Kwa sababu sheria ina akili ya mama mkwe. Haiulizi wewe ni mtu gani. Inauliza ulizaliwaje.” Alichukua bunduki moja kutoka ukutani, akaigeuzageuza. “Hii imezaliwa bila kitako. Kwa hiyo, mbele ya sheria, siyo bunduki ya marisau, ile ya chembe za risasi. Ni silaha tu, haina jina. Mtutu wake mfupi, hakuna neno. Sasa uipe kitako, kitu cha kukusaidia ulenge vizuri usimuumize asiyehusika. Papo hapo imekuwa bunduki ya marisau iliyofupishwa. Jela miaka kumi.”

“Hata ukikitoa?”

“Hata ukikitoa. Ulishaitengeneza.”

Kidude kikasema sikioni: “Vizuri. Anaijua sheria. Endelea.”

Mlango wa duka ulifunguliwa. Royce Tidwell akatokeza, kijana wa miaka thelathini na tano mwenye viatu vya ngozi ya nyoka. Bunduki ya mtutu mfupi ilining’inia begani mwake kwa mkanda, mshikio wa bastola mkononi. Aliitembeza hivyo mchana kutwa, mbele ya wateja, kama tangazo.

“Babu, unapiga soga au unafanya kazi?”

“Nafanya vyote, Royce. Ndiyo maana nina akili kuliko wewe.”

“Una kodi ya mwezi huu?”

“Nina ya mwezi huu na ulimi wa mwezi ujao.”

Royce alimtazama Corinne kuanzia viatuni. “Bi Marlene. Bado unaogopa wezi?”

“Bado.”

“Mzee huyu akikuchosha, njoo kwangu.”

Akaenda zake kwenye lori. Wanaume wawili walikuwa wanapakia magunia ya chakula cha farasi. Magunia yalikuwa makubwa, lakini wanaume walikuwa wanatembea taratibu sana, kama watu waliobeba vyombo vya udongo.

Corinne aliona hilo. Mzee Elwood naye aliliona. Akageuza uso.

“Tujaribu shabaha?” Corinne alisema.

Walitoka nyuma ya banda, kwenye ukingo wa mchanga ambako mzee alikuwa amepanga makopo ya maharage. Corinne aliikamata bunduki yake, aliyokuwa ameitoa garini, kwa mshikio wa bastola. Akakoki. Akafyatua.

Kishindo.

Mchanga uliruka mbali na makopo. Kifundo chake kilipinda nyuma. Maumivu yalipanda hadi kwenye kiwiko, na hayo hayakuwa ya kuigiza.

“Mama yangu!” akasema.

Hakuongeza neno. Hakuhitaji.

Mzee alikuwa ameshamshika mkono. Alikibonyeza kifundo kwa kidole gumba, polepole, akitazama uso wake badala ya mkono, apate kujua panapouma.

“Hakijateguka. Lakini utalia usiku.” Akaguna. “Na wewe unaishi peke yako. Mwizi akija, utafanya nini na mkono huu?”

“Sijui, mzee.”

Mzee alitazama lori. Akatazama duka. Akakuna shingo.

“Ngoja hapa.”

Akaingia bandani. Corinne alimsikia akivuta droo. Alijua anatafuta nini. Alikuwa na nafasi ya kumwita.

Mzee alirudi na kitako cha mbao ya mjozi, kimeng’arishwa kwa mafuta, na bisibisi mfukoni.

“Hiki nilikichonga mwenyewe, cha bunduki ya marehemu mke wangu. Alikuwa na umbo dogo kama wewe. Nakufungia dakika mbili tu, upige mara moja, uone tofauti. Ukiona tofauti, utaniachia hii takataka, nami nitakupa bunduki yake. Ni ndefu, ni halali, haina teke. Bure.”

“Hapana, mzee, usi—”

“Nyamaza,” Pruett alisema sikioni. “Corinne. Kumbuka lile basi la wavuna nyanya.”

Corinne akakitazama kitako.

“Usi nini?” mzee aliuliza.

“Usijisumbue.”

“Ningekuwa sisumbuki, ningekuwa nimekufa.”

Akapiga goti mchangani. Akafungua mshikio wa bastola. Akaingiza kitako mahali pake, akakaza skrubu. Ilikuwa mikono ya mtu anayemfungia mtoto kamba za viatu.

“Haya. Begani. Shavu kwenye mbao. Pumua.”

Corinne akafyatua.

Kopo la katikati likaruka.

“Hee!” Mzee alipiga makofi. “Umeona? Umeona, binti? Huo ndio usingizi wako wa usiku!”

“Tumelipata kosa,” Pruett alisema. “Hakimu yuko kwenye simu, amesikia yote. Vijana wako tayari. Toa neno tulilokubaliana.”

Corinne hakutoa neno.

Mzee alikuwa tayari amekaa chini, anafungua skrubu, anapiga mluzi. Upande wa pili wa ua, injini ya lori iliwashwa. Moshi mweusi ukatoka. Mmoja wa wapakiaji alipanda kwenye usukani.

“Corinne. Lori.”

Angeweza kusema kinasa kimeharibika. Angeweza kukikanyaga. Lori lingepita, Elwood angekwenda kunywa chai yake ya barafu, na wiki ijayo Pruett angemletea picha nyingine.

Lori likatingishika. Likaanza kusogea.

“Leo mvua itanyesha,” Corinne alisema kwa sauti.

Mzee aliinua uso kwenye mbingu isiyo na wingu. “Wapi?”

Chevrolet tatu nyeusi ziliingia uani kwa pamoja.

Vumbi. Breki. Vipaza sauti.

“Serikali! Zima injini! Mikono juu!”

Dereva alizima. Yeye na mwenzake walilala chini kama watu waliozoea. Royce hakulala. Aliruka kutoka nyuma ya lori, akakimbilia bandani, bunduki kiunoni, na wa kwanza kumwona alikuwa Corinne.

“Wewe!” alipiga kelele. “Malaya wewe!”

Mtutu ukamwelekea.

Mzee Elwood alikuwa karibu zaidi. Hakujua Marlene ni nani. Alijua tu kwamba ni mwanamke mwenye mkono unaouma, naye Royce ameshika silaha. Alimkumbatia Corinne kiunoni, akamwangusha nyuma ya pipa la mafuta, akamlalia juu.

Kishindo.

Marisau yalipasua paa la bati. Royce alikuwa hatua chache tu kutoka kwao, na risasi yake haikugusa hata pipa. Bunduki ilimruka mkononi, ikampiga mdomoni. Akayumba, damu kwenye meno, akijaribu kukoki kwa mkono uliokufa ganzi.

Corinne alijichomoa chini ya mzee. Akapiga goti. Glock usoni pa Royce.

“Iache.”

“Ni halali!” Royce alipiga kelele. “Ina risiti! Ni halali hii!”

“Iache, Royce.”

Akaiacha.

Walivunja sakafu ya lori. Chini ya magunia, na chini ya mbao, bunduki zilikuwa zimelazwa kwenye mablanketi, nyingi, na kila moja namba yake ilikuwa imekwanguliwa kwa tupa. Haikuwepo hata moja halali mle. Kumbe ilihitajika ruhusa tu ya kuchungulia.

Hakuna basi litakalosimamishwa kwa bunduki zile. Corinne alijiambia hivyo. Akajiambia tena.

Aliporudi bandani, Mzee Elwood alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha kivulini, pingu mikononi. Kijana aliyemfunga alikuwa amemfungia mbele, si mgongoni, na alikuwa amemwokotea kofia. Corinne alimshukuru kwa macho.

Pruett alikuwa amesimama mlangoni, ananyonya peremende.

“Mwachie huyu,” Corinne alisema.

“Siwezi.”

“Amenifunika na mwili wake.”

“Nimeona. Nitaliandika kwenye ripoti.” Hakuwa anamkejeli, ndiyo ubaya wake. “Lakini kibali chote kimesimama juu ya kitako kile. Nikimwachia, nimesema halikuwa kosa. Kama halikuwa kosa, kibali hakikuwa kibali. Wakili wa Royce atalirudisha lori lile barabarani kabla ya Jumapili.”

“Ni dakika mbili, Pruett. Alikuwa anakitoa.”

“Alishaitengeneza. Umemsikia mwenyewe akisema.”

Corinne alichuchumaa mbele ya kiti. Mzee aliitazama beji iliyoning’inia shingoni mwake. Alilisoma jina lote, herufi kwa herufi, midomo ikitembea.

“Corinne,” alisema.

“Ndiyo, mzee.”

“Kwa hiyo huna farasi.”

“Sina.”

“Wala mume aliyekuacha.”

“Huyo si uongo. Kaniacha kweli.”

Mzee alitikisa kichwa, kama mtu aliyepata chenji kidogo kuliko alivyotegemea. Kisha akaelekeza kidevu kwenye lori.

“Lile lilikuwa linaninyima usingizi tangu Pasaka. Niliwaona wakizikwangua namba. Nilikuwa natafuta mtu wa kumwambia, mtu asiyeninunua wala kuniuza. Polisi wa hapa wanakunywa bia na Royce.” Akaiangalia karatasi ya burito. “Nikakuchagua wewe. Leo nilitaka ushibe kwanza, ndipo nikueleze.”

Corinne aliigeuza beji, jina likaelekea kifuani.

“Ungeniuliza tu, binti,” mzee alisema. “Ningekuambia.”

Vijana walimwinua. Mmoja alimwekea mkono kichwani asijigonge anapoingia garini. Mzee akasema asante, kwa sababu alikuwa mtu wa kusema asante.

Mlango ukafungwa.

Pruett alimfuata Corinne hadi kwenye Ford. Simu yake ilikuwa inalia, wakubwa wa Washington, na alikuwa anatabasamu kabla hata hajaipokea.

“Umefanya kazi nzuri,” alisema.

“Najua.”

Corinne akavaa miwani ya jua, akawasha gari, akaondoka uani polepole ili asiwatimulie watu vumbi.