Milisekunde Tatu za Kabula

Haraka haraka ndiyo yenye baraka: ndivyo ilivyoandikwa kwa taa za samawati juu ya mlango wa Ukumbi wa Mawimbi, Tabora, na hakuna aliyeingia mle akabisha. Saa tisa alasiri, Kabula Machibya alikuwa amesimama peke yake ndani ya duara tupu, kofia-macho imemfunika hadi puani, vazi la hisia, la kumfanya auhisi mpira, limembana kutoka shingoni hadi vifundoni. Yeye aliona uwanja wa mchanga. Aliona wasichana wawili wa Mombasa, mmoja mbele, mmoja nyuma, wakimlenga kwa mpira, naye anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Ilikuwa rede, ileile ya uani, ila kati ya wachezaji kulikuwa na kilomita elfu moja na mia moja za waya, na mpira wenyewe haukuwapo.

Nyamizi Kasanda hakuwa akimtazama Kabula. Alitazama namba. Alikuwa mpimaji wa kawio, yaani muda ambao taarifa hutumia kwenda hadi upande wa pili na kurudi. Rede ya kofia-macho haivumilii kawio. Likizidi milisekunde ishirini, macho na mwili hupishana, na mchezaji hutapika. Njia nayo lazima iwe pana, picha za macho mawili zipite bila kusongamana, tena iwe tulivu: kawio la kumi na tano lisiloyumba ni afadhali kuliko la nane linalorukaruka. Ndiyo maana ligi ilikataza mtandao wa hewani. Kila ukumbi ulifungiwa waya wa kioo.

Kawio la Kabula lilikuwa milisekunde tatu. Kwa michezo kumi na minne halikuyumba.

Wapimaji wenzake walipiga makofi. Nyamizi akapiga hesabu. Mwanga ndani ya kioo hukata kilomita mia mbili kwa milisekunde moja. Kwenda Mombasa na kurudi ni kumi na moja, hata kama mitambo yote njiani haikupoteza chochote. Tatu haikuwezekana, labda kama aliyekuwa akijibu mipira ile hakuwa Tabora.

Alimpelekea Bwana Luhende, meneja wa ukumbi, karatasi ya hesabu. Luhende aliisoma kwa adabu, akairudisha, akasema wapimaji huajiriwa kulalamikia namba mbaya.

"Binti, umewahi kuona mgonjwa akienda kumshtaki daktari kwa kuwa amepona?"

Wote ofisini walicheka. Nyamizi alicheka pia, lakini alitoka na shaka iliyonenepa. Jioni ile alirudia kutazama picha za michezo yote. Katika rede, mrushaji mjanja hutupa danganya toto: mkono unakwenda, mpira unabaki. Nyamizi alicheza rede mtaani kwao Isevya mpaka alipovunja ungo, na hakuwahi kumwona mtoto asiyeshtuka kwa danganya toto. Hata bingwa, bega humcheza kidogo. Mombasa walimtupia Kabula danganya toto arobaini na moja. Bega lake halikucheza hata mara moja.

Kesho yake mchana alikwenda nyumbani kwa akina Kabula, akisingizia kupima vazi la hisia. Mama yake alimkaribisha sebuleni na kumwambia binti yuko jikoni, ila asitegemee chakula upesi.

"Bingwa wa dunia nzima, lakini kwenye sufuria ni gogo," mama alisema. "Nimemwambia ataolewa na roboti."

Harufu ya kuungua ndiyo iliyomwinua Nyamizi. Alimkuta Kabula mbele ya jiko, mwiko umesimama ndani ya ugali, ugali unaungua. Macho yake yalikuwa wazi na makini, kama ya mtu aliye kwenye foleni.

"Kabula, unafanya nini?"

"Nangoja, dada."

"Unangoja nini?"

Msichana alitazama mkono wake wa kulia. "Uende," alisema. Kisha akajishtukia, akacheka, akaanza kusonga kwa nguvu, akieleza kwamba ni uchovu tu na kwamba huwa haidumu. Asubuhi ile, mswaki ulikuwa umemchukua dakika nzima. Alimsihi Nyamizi asimwambie mtu, maana fainali ilikuwa Jumamosi.

Kwanza Nyamizi hakumwambia mtu. Alirudi ukumbini, akafunua sakafu na kuufuata waya wa Kabula kwa vidole, pingili kwa pingili, mpaka kwenye kisanduku kisicho na muhuri wa ligi. Alipombana, Luhende hakukana. Kiliitwa kitangulizi, na pacha wake alikuwa Mombasa. Kwa miezi minane vyote viwili vilijifunza namna Kabula anavyokwepa. Sasa cha Mombasa kilijibu mpira kabla yake, na cha Tabora kililiamuru vazi lisukume misuli yake ifuatishe, upesi kiasi kwamba alidhani ameamua mwenyewe, na mwili ukazoea kungoja kusukumwa. Kampuni iliyokitengeneza ilitaka kuthibitisha kwamba kawio linaweza kuuawa. Nyamizi alipomweleza kuhusu ule ugali, Luhende alisema kamati ya kampuni itaujadili ugonjwa huo, kama ni ugonjwa, baada ya fainali.

"Na yeye anajua?" Nyamizi aliuliza.

"Anajua anashinda."

Jumamosi, Tabora nzima ilikuwa mbele ya viwambo. Kabula alikuwa amejaza chupa mbili na anajaza ya tatu Nyamizi aliposhuka chini ya sakafu na kung'oa waya wa kitangulizi, akauchomeka moja kwa moja kwenye njia kuu. Namba ikapanda: kumi na mbili. Kawio safi kabisa, ambalo bingwa yeyote angelifurahia.

Kabula alisimama. Mpira ulikuja wa kawaida, wa mbele, wa kumfaa mwanafunzi wa darasa la tatu. Aliuona vizuri. Aliungoja mwili wake. Mpira ukampiga kifuani na vazi likamtikisa, na katika rede, ukipigwa umetoka.

Alifika chumba cha upimaji akiwa bado na vazi, jasho linamtiririka, Luhende nyuma yake na wapiga picha nyuma ya Luhende. Luhende alidai maelezo. Kabula alimkatiza kwa kiganja.

"Ni wewe, dada?"

Nyamizi alimwambia ni yeye, na akamweleza kuhusu kisanduku, vazi na ule ugali. Alisema taratibu, neno kwa neno, ili wenye kamera nao wasikie. Kabula alisikiliza hadi mwisho.

"Ungeniambia jana."

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo. Mwili ni wangu. Wao waliniamulia bila kuniuliza, na wewe ukaniamulia bila kuniuliza. Nina miaka kumi na tisa na rede ndiyo kitu pekee nilichowahi kukiweza. Niombe radhi. Mbele yao hawa."

Luhende aliinamisha kichwa, akingoja. Kamera zikasogea. Nyamizi alitafuta ndani yake neno ambalo msichana huyu alilistahili, na alijua analistahili. Alijua pia kwamba kesho angeung'oa waya uleule.

"Siombi," alisema.